Ekari 60 za Inglewood: wakazi walivyoikatalia Walmart, na kilichokuja baadae

Wadau, tangu SoFi, ule uwanja mkubwa wa mpira wa Inglewood, ifunguliwe kila mgeni anayekuja kututembelea huku Los Angeles anataka kupelekwa akaione, na mimi huwa nawapeleka, ila tukifika pale nje naanza kuwasimulia habari ya Walmart, kampuni ya maduka makubwa, wananishangaa, Walmart na uwanja wa mpira wapi na wapi. Nimeielezea kwa mdomo mpaka basi ndo maana leo naiandika yote, sababu naona mtu yeyote anayekaa kwenye mji unaojengwajengwa anatakiwa aijue, hasa sisi tuliotoka nyumbani ambao tukishaona bango la mradi limesimikwa tunasema ndo basi tena, wakubwa wameshaamua.

Inglewood ni mji unaojitegemea, una meya wake na madiwani wake, japo ukipita kwa gari huwezi kujua umetoka Los Angeles saa ngapi ukaingia Inglewood saa ngapi. Ndege zinazoenda kutua LAX, uwanja wa ndege wa Los Angeles, zinapita juu ya mapaa ya watu. Kipindi hicho ninachokiongelea, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa na watu kama 112,000 hivi, wengi wao Weusi na Walatino, watu wa kipato cha kawaida tu. Kulikuwa na Forum, ule ukumbi ambao timu ya kikapu ya Lakers walikuwa wanachezea mpaka 1999 walipohamia katikati ya jiji, na jirani yake kulikuwa na Hollywood Park, uwanja wa mbio za farasi. Hapo hapo karibu ndo kulikuwa na ekari 60 ambazo Walmart waliziona wakazitaka.

Kwa wa nyumbani ambao Walmart wanaisikia tu: kama uliwahi kuingia Game pale Mlimani City, Dar es Salaam, basi ulishaingia dukani kwao bila kujua, maana Game ilikuwa ya Massmart ya Afrika Kusini na Walmart walichukua asilimia 51 ya Massmart mwaka 2011. Ila walichotaka kujenga Inglewood ni kitu kikubwa zaidi, kinaitwa Supercenter, yaani ndani ya jengo moja kuna nguo, TV, dawa, matairi, alafu na supamaketi kamili ya vyakula, nyama, mboga, mikate. Ugomvi wote ulikuwa kwenye vyakula. Wafanyakazi wa supamaketi za kawaida za California walikuwa na chama cha wafanyakazi, mtu anapanga bidhaa kwenye shelfu lakini ana bima ya afya ya maana na anasomesha watoto, na Walmart ni kampuni isiyotaka kusikia habari za chama. Oktoba 2003 wafanyakazi wa supamaketi kubwa za kusini mwa California waligoma, mgomo ukaenda siku 141, na kampuni zilichokuwa zinasema ni hicho hicho, kwamba bima na mishahara lazima vibanwe maana Walmart inakuja na mpango wa kufungua Supercenter 40 California. Kwahiyo mtu wa Inglewood aliposikia habari ya zile ekari 60 hakuwa anafikiria bei ya sabuni tu, alikuwa anafikiria dada yake anayekaa kaunta ya supamaketi ya Vons au Ralphs.

Madiwani walianza vizuri. Oktoba 2002 walipitisha sheria ndogo ya dharura, hakuna duka kuzidi futi za mraba 155,000 kama linauza aina zaidi ya 20,000 za bidhaa zisizotozwa kodi ya mauzo. Hebu isome tena hiyo, sababu hapo ndo pana ufundi. Neno Walmart halipo, neno supamaketi halipo, lakini California chakula unachokwenda kupika nyumbani hakitozwi kodi ya mauzo, kwahiyo "bidhaa zisizotozwa kodi" maana yake ni chakula na dawa, na duka la ukubwa huo lenye chakula cha wingi huo lilikuwa ni Supercenter. Huwezi kutunga sheria ya kumpiga marufuku mtu kwa jina lake, ila mji una haki ya kupanga ardhi yake itumikeje, kwahiyo unaielezea aina ya jengo. Mji mwingine wa California, Turlock, ulitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2004, Walmart wakaenda mahakamani kuipinga na mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria iko sawa, mji haujavuka mipaka yake.

Ila Inglewood hawakufika huko. Walmart walikusanya sahihi za wakazi haraka haraka kutaka sheria ipelekwe kwenye kura na huku wanatishia kesi, madiwani wakaogopa gharama wakaifuta wenyewe. Wengi wangeishia hapo.

Sasa sikiliza kilichofuata. California tangu 1911 wananchi wana haki ya kutunga sheria wenyewe, unaandika sheria yako, unakusanya sahihi, ikifikisha idadi inakwenda kwenye kura. Haki hiyo iliwekwa enzi ambazo kampuni ya reli ilikuwa imewaweka wanasiasa mfukoni, wananchi wakaona watafute njia ya kuwapita wanasiasa hao. Walmart wakaichukua njia hiyo hiyo. Wakaandika pendekezo la kurasa 71, likaitwa Measure 04-A, na ndani yake ujenzi wote ulikuwa umeshaidhinishwa, yaani likipita hakuna kikao cha wazi cha mipango miji, hakuna tathmini ya athari za mazingira, hakuna uchunguzi wa foleni za magari, hakuna diwani wa kuuliza maji ya mvua kwenye hiyo paking kubwa yatakwenda wapi. Na juu ya hapo, ukitaka kubadilisha mradi baadae lazima upate theluthi mbili ya kura za wakazi. Kupitisha nusu ya kura na moja inatosha, kugusa baada ya hapo ni theluthi mbili.

Mimi hapa ndo huwa napandwa na hasira mpaka leo, na niseme wazi sina hasira na mtu anayependa kununua vitu rahisi, na mimi nanunua. Ninachokataa ni kampuni kujiandikia sheria yake, kurasa 71 ambazo mama anayetoka kazini saa mbili usiku hawezi kuzisoma, alafu wanamletea kikaratasi chenye picha ya familia inacheka wanamwambia piga kura ya ndiyo upate ajira. Mtu anadhani anapigia kura duka kumbe anapigia kura ya kujinyima haki ya kuuliza.

Wapinzani walijaribu mahakamani kulitoa pendekezo kwenye kura, wakashindwa, likabidi lipigiwe. Basi wakaingia mtaani. Walianzisha umoja wao, Coalition for a Better Inglewood, ndani yake makanisa, vyama vya wafanyakazi, wenye maduka madogo, wakazi wa kawaida, wakapita nyumba kwa nyumba. Mbunge wao Maxine Waters alikuwa upande wao, mchungaji na mwanaharakati Jesse Jackson alikuja. Upande wa pili meya Roosevelt Dorn aliunga mkono mradi, alisema mji unahitaji kodi na ajira, na Walmart walimwaga zaidi ya dola milioni 1 kwenye kampeni, kwenye mji ambao waliokuja kupiga kura siku ile hawakufika hata 12,000. Gawanya mwenyewe uone ni dola ngapi kwa kichwa.

Tarehe 6 Aprili 2004 wakapiga. Hapana 7,049, ndiyo 4,575. Asilimia 60 na kitu.

Na wale 4,575 siwadharau kabisa. Kwenye mji ambao vijana wengi hawana kazi na supamaketi ya karibu ni mbaya na ghali, mtu akikuletea duka lenye kila kitu na nafasi za ajira, kusema ndiyo sio ujinga. Hata waliosema hapana wengi wangelikubali duka kama lingepitia njia ya kawaida, wakakaa mezani, wakaulizwa mishahara itakuwa kiasi gani na barabara ya Prairie itabeba vipi hayo magari. Ndo maana mwaka 2006 Inglewood walitunga sheria nyingine, safari hii hawakupiga marufuku, walisema anayetaka kujenga duka la ukubwa huo alete tathmini ya kiuchumi, ajira ngapi zitakuja na ngapi zitapotea, maduka gani yatafungwa, na mji utaamua baada ya kuona. Los Angeles wenyewe walishafanya hivyo Agosti 2004, miezi minne baada ya kura.

Habari ya kesi inayonifurahisha zaidi ni ya Bakersfield, mji wa huko bondeni kwenye mafuta na mashamba, kaskazini yetu. Huko jiji liliidhinisha Supercenter mbili kwa mpigo mwaka 2003, kwenye moli mbili za waendelezaji wawili tofauti, umbali wa kama kilomita 6 tu kati yao, na kila mmoja alikuja na ripoti yake ya mazingira iliyojifanya mwenzake hayupo. Yaani ripoti ya huyu inahesabu magari yake peke yake, ya yule yake peke yake, wakati barabara ni zile zile. Wakazi wakaungana wakafungua kesi, na Desemba 2004 Mahakama ya Rufaa ikafuta ripoti zote mbili pamoja na vibali, huku ujenzi ulishaanza. Sababu mojawapo ndo ikawa maarufu: mahakama ilisema ukijenga duka kubwa ambalo linaweza kuua maduka mengine, yale majengo yakabaki matupu, vioo vikapigwa mawe, watu wakachora kuta, wakatupa taka, basi hayo ni madhara ya mazingira na lazima yachunguzwe kabla ya kibali, huwezi kusema hayo ni mambo ya biashara hayatuhusu. Mahakama haikusema Walmart isijengwe. Ilisema rudini mkahesabu vizuri alafu muwaambie watu ukweli. Tangu hapo wakili yeyote wa wakazi California anaanza na kesi hiyo.

Na hofu ya majengo matupu sio hadithi. Walmart walifungua duka Crenshaw, kwenye moli ya Baldwin Hills pale mjini Los Angeles, Januari 2003, watu wa eneo lile walifurahi sana maana hakuna aliyekuwa anataka kuwekeza kwao. Januari 2016 kampuni ikatangaza inafunga maduka 269 duniani, 154 ya hapa Marekani, na Crenshaw ikawemo. Hakuna kikao wala tathmini wala kura. Kufungua lazima uombe kibali, kufunga unafunga tu. Siku hizo hizo wakafunga na la Chinatown, lile ambalo madiwani wa Los Angeles walipiga kura ya kusimamisha maduka makubwa eneo lile Machi 2012 wakakuta kibali cha Walmart kimeshatoka siku moja kabla. Siku moja.

Turudi kwenye ekari 60 zetu, maana baada ya kura ya 2004 zilibaki mikononi mwa Walmart miaka na miaka. Huku nyuma, kwenye mji mdogo wa milimani unaitwa Sonora, Walmart walitaka kupanua duka lao liwe Supercenter. Ripoti ya mazingira ilikuwa inaendelea, wakazi wanatoa maoni yao, ghafla likaja pendekezo la kukusanya sahihi, na safari hii halikwenda hata kwenye kura. Sheria ya California inasema sahihi zikitosha madiwani wana hiari, ama waitishe uchaguzi ama walipitishe wenyewe pale pale mezani kama lilivyo. Madiwani wa Sonora mwaka 2010 walilipitisha wenyewe. Tathmini ya mazingira ikafa hapo hapo. Wafanyabiashara wadogo na wafanyakazi wakaenda mahakamani, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu ya California, iliyo juu ya ile ya Rufaa, na Agosti 2014 majaji wote kwa sauti moja wakasema ni halali, pendekezo la wananchi likipitishwa na madiwani halihitaji tathmini.

Mwaka huo huo, 2014, Walmart waliuza zile ekari 60 za Inglewood. Aliyenunua ni Stan Kroenke, mwenye Rams, timu ya mpira wa Kimarekani, ambaye mke wake ni mtoto wa ukoo wa Walton, ukoo wenye Walmart. Hollywood Park ilishafungwa Desemba 2013, wakaunganisha maeneo yote mawili yakawa ekari 298 hivi, wakaandika pendekezo, uwanja wa mpira ambao ndo hiyo SoFi, maduka, ofisi, nyumba, wakakusanya zaidi ya sahihi 20,000 ndani ya wiki chache. Februari 24, 2015 madiwani wa Inglewood walikaa wakapitisha 5 kwa 0. Wakazi hawakupiga kura na tathmini ya mazingira haikufanyika. Ardhi ile ile, njia ile ile ambayo watu 7,049 waliikataa miaka 11 nyuma, tofauti ni kwamba safari hii hawakuulizwa.

Najua wengi wa Inglewood wameupenda uwanja na mimi siwezi kuwasemea, mji umepata hela na jina. Ila kodi za nyumba zilipanda mpaka 2019 madiwani ikabidi waweke sheria ya kuwabana wenye nyumba, na mtu aliyehamishwa na kodi hana kwa kwenda kulalamika, maana kikao ambacho angeuliza "na sisi wapangaji je?" hakikuwepo. Kwangu mimi kosa liko hapo.

Nayaandika haya sasa sababu na kwetu limekuja. Mji wetu nisiutaje, ni mdogo, kuna kampuni inataka kujenga duka la jumla lile la kuingia kwa kadi ya uanachama, na kituo cha mafuta chenye pampu nyingi, kwenye kona ambayo asubuhi tu haipitiki. Mimi sikupata taarifa. Nikadhani imepotea posta, kumbe sheria inataka barua ziende kwa wenye mali walio ndani ya futi 300 za kiwanja, wenye mali, sio wapangaji, na mtaa mzima huu karibu wote ni wapangaji. Aliyeniambia ni mama mmoja wa El Salvador mwenye duka la mikate pale kona, yeye kile kijengo ni chake, akanionyesha kadi aliyotumiwa, imeandikwa kwa Kiingereza na herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, na ilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya kikao.

Tukaenda. Unajaza kikaratasi mlangoni, jina na namba ya ajenda, unasubiri kuitwa. Pale kwenye maiki kuna kitaa, kijani ukianza, njano zikibaki sekunde 30, nyekundu unakatwa. Dakika 2. Upande wa kampuni walipewa muda wao wa kuonyesha michoro kwenye skrini kubwa, miti ya kijani kila mahali kwenye paking, na wakili wao anajua majina ya madiwani wote. Yule mama alipoitwa alisimama na mkalimani, alichouliza ni kitu kimoja tu, malori ya mafuta yatageukia wapi, maana mlango wa shule ya chekechea unaangalia barabara hiyo hiyo. Wataalamu wa jiji wakaangaliana. Ripoti ya foleni ilihesabu magari madogo na malori ya mizigo, ya mafuta haikuyaweka. Kikao kikaahirishwa, ripoti ikarudishwa ikarekebishwe. Mawakili wote mle ndani na swali likatoka kwa mtu wa mikate anayeamka saa tisa usiku na kuyaona hayo malori yakipita.

Baada ya hapo nimekuwa nakaa na makaratasi kila nikitoka kazini na kuna mambo naomba mliopo California myashike, maana yananyima watu haki kimya kimya. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, kwahiyo ingia kwenye tovuti ya mji wako kila wiki usisubiri barua. Usiposema hoja yako kabla kikao hakijafungwa, kwa mdomo au kwa maandishi, huko mbele mahakamani haitasikilizwa, hakimu atauliza je hili liliwahi kutajwa na yeyote mbele ya mji? Kama halikutajwa limekwisha. Kwahiyo andika barua, taja kila kitu, foleni, maji, kelele, maduka yatakayofungwa, hata kama Kiingereza chako cha kuunga unga hakuna anayesahihisha sarufi. Na mji ukishatoa ile notisi ya uamuzi baada ya ripoti ya mazingira, una siku 30 tu za kufungua kesi kwa sheria ya mazingira. Watu wanakaa kulalamika kwenye WhatsApp mwezi mzima, wakija kumpata wakili ni siku ya 33.

Pia ukiona vijana wamesimama nje ya supamaketi na ubao wa kukusanya sahihi, usitie kabla hujauliza nani anawalipa na sheria yenyewe iko wapi uione yote. Sahihi yako siku hizi inaweza kuwa ndo kura yenyewe.

Ripoti yetu iliyorekebishwa bado haijatoka. Yule mama ameshaongea na wapangaji wa majengo mawili yanayotazamana na kiwanja, na tunatafuta watu wa kutafsiri kwa Kihispania na Kiamhari, kuna familia za Kihabeshi nyingi upande wa nyuma. Kama unakaa maeneo haya na unajua lugha hizo nitumie meseji. Tarehe ya kikao kijacho ikitoka nitaiweka hapa siku hiyo hiyo.